Zamu ya Marehemu

"Bibi, mfumo huu umezeeka. Nikiweka mpya, kompyuta itakwenda kasi, lakini kila kilichomo kitafutika," fundi Sudi alisema.

Bi Mize alitazama skrini. Drafti aliyokuwa akicheza na marehemu mumewe, Mzee Hatibu, ilikuwa palepale, zamu ya mume.

"Drafti mpya zipo, tena za rangi," Sudi alisema.

"Mzee Hatibu alikuwa anafungwa mchezo huu. Ndiyo maana akawahi kufa."

Sudi hakujua acheke au ampe pole. Bi Mize mwenyewe hakucheka wala hakulia. Tangu mazishi uso wake ulikuwa hivyohivyo. Akavuta kipanya, akamchezea mumewe zamu yake. Kete moja ya mume ikala tatu za Bi Mize.

"Niweke sasa, bibi?"

"Ngoja, ni zamu yangu," akasema, na mkono ukabaki juu ya kipanya.