Nyota Mbili za Baba

Siku hizi mtu akifa, arobaini yake ikipita anageuzwa kuwa mchezo wa video, na wachambuzi wanampa nyota. Baba yangu Kibwana, fundi cherehani wa Ngamiani, alipewa mbili.

"Mchezo unachosha," aliandika mchambuzi mmoja. "Mhusika mkuu anashona suruali moja asubuhi nzima huku akikohoa. Mke wake naye ananung'unika mno, bora aondolewe."

Mtu ambaye hajawahi hata kutunga uzi kwenye sindano!

Mama hakujali. Kila akimaliza kuosha vyombo alivaa miwani ya mchezo, akaketi kwenye kigoda kando ya Baba, wakanyamaza pamoja kama walivyozoea. Baba akikohoa, nilimsikia Mama akisema, "Pole, mume wangu."

Jumatatu mchezo ukarekebishwa, maana sheria inataka hivyo nyota zikiwa chini ya tatu. Mama alivaa miwani yake, nami nikatazama kwenye televisheni. Baba alikuwa kijana, kifua mbele, anashona huku akicheza muziki. Kikohozi hakipo. Kigoda hakipo. Alipomwona Mama akatabasamu.

"Karibu sana, dada. Leo nikushonee nini?"

"Kibwana, ni mimi, Mwanahawa."

"Karibu sana, dada. Leo nikushonee nini?"

"Mama, vua hiyo miwani," nikamwambia. "Nakuomba."

Hakuvua. Alisimama katikati ya sebule yetu, akainua mikono yake taratibu, ili apimwe.