Mkono wa Kushoto

Saa ya chai kinu cha unga kilipobaki kitupu, Mwatumu alilisogelea sanduku lililotundikwa karibu na choo, lililoandikwa: SEMA, HATUTAKUJUA. Akafungua pindo la kanga, akatoa barua. Aliiandika kwa mkono wa kushoto ili msimamizi asiutambue mwandiko: mahindi yaliyoota ukungu yanachanganywa na mazuri, na uji wake wanakunywa watoto wa mji mzima.

Barua haikuingia. Akaisukuma kwa kidole, ikarudi.

Akachomoa kibanio cha nywele, akavuta kilichoziba. Ikatoka karatasi iliyogeuka manjano. *Mahindi yana ukungu*, ilisema, kwa mwandiko uliopinda kama wake. Akavuta nyingine, na nyingine. Zote za mahindi, zote za mwandiko uliopinda. Moja ilikuwa na tarehe ya mwaka aliozaliwa mwanawe, ambaye alimwanzishia uji kwa unga wa kinu hikihiki.

Kengele ikalia. Wenzake wakarudi kwenye magunia, weupe kwa unga, kimya kama siku zote.

"Shoga, mbona umekauka hivyo?" Salha alimuuliza huku akifunga gunia.

Mwatumu alikuwa anaitazama mikono yao ya kushoto, mmoja baada ya mwingine.