Mistari ya Utepe

Mama wa tatu alirudi wodini Jumatatu, kidonda chake cha upasuaji kikitoa usaha kama cha wale wawili wa kwanza. Daktari Mhina alikwenda moja kwa moja chumba cha kutakasia vifaa, akachukua furushi la visu na mikasi. Lilifungwa kwa utepe ambao mistari yake hugeuka myeusi mvuke ukipata moto wa kutosha. Mistari ilikuwa myeusi. Alilowesha kidole gumba kwa mate, akaisugua. Wino wa kalamu ukahamia kidoleni.

Bi Mwajabu, mwangalizi wa vifaa, aliendelea kukunja vitambaa.

"Tangu lini?" daktari aliuliza.

"Tangu mashine ya mvuke ilipoacha kupata moto. Nilikuletea barua mbili, Daktari. Ukasema tuvumilie, kina mama wanasubiri. Na furushi lisilo na mistari myeusi hulipokei."

Daktari aliketi juu ya ndoo.

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Daktari, mama mwingine yuko kwenye meza ya upasuaji. Mapigo ya mtoto yanashuka."

Daktari alitazama furushi, kisha kidole chake cheusi. Bi Mwajabu alikuwa ameshabandika sufuria ya kuchemshia visu kwenye jiko la pembeni, na maji bado yalikuwa baridi.