Kijiko Ndani ya Wimbo

Miaka yote Bi Mwanahawa aliusikiliza wimbo wa marehemu mumewe kwenye simu, sauti ikikwaruza kama wali wenye mchanga. Leo binti yake, Raya, ameutoa kwenye kanda yenyewe na kuutia kwenye kompyuta, kisha akamvisha mama hedifoni kubwa.

"Fumba macho, Mama."

Udi ukalia karibu mno, kana kwamba mpigaji amekaa naye mkekani, goti kwa goti. Katikati ya ubeti, ting!

"Kuna kijiko kinaharibu hapo," alisema Raya, aliyekwisha kuusikiliza. "Ngoja nikifute."

"Usiguse!"

Kijiko kilikuwa cha Bi Mwanahawa mwenyewe. Siku ile wanarekodi sebuleni alijisahau, akakoroga chai. Mumewe akauinamia udi, asimtazame hadi wimbo ukaisha. Yeye akajua amemuudhi mumewe, na hakuthubutu kumuuliza maisha yao yote.

"Rudisha nyuma, mwanangu."

Ting! Na baada yake, chini kabisa ya nyuzi, kitu ambacho simu haikuwahi kumpa: kicheko kidogo cha mumewe, kimebanwa kifuani.

Bi Mwanahawa alivuta kikombe chake cha chai, akatia kijiko, akakoroga taratibu, kichwa kimeinama kama anayengoja kujibiwa.