Mkataba wa Sultani

Siku hizi ukipanga ghorofani na mnyama, mkataba si wako. Kila mwaka msimamizi wa jengo huja na mkanda unaompa mnyama sauti, na mnyama ndiye anayesema kama mpangaji abaki au ahame.

Mwanahawa, mfuaji wa mashuka ya hospitali, alirudi kutoka kazini miguu imevimba, akamkaangia paka wake dagaa kabla hata ya kuvua viatu.

"Leo dagaa, dada!" msimamizi, Bwana Singano, alimtania huku akimfunga paka mkanda. "Mwaka mzima alikula nini?"

"Dagaa hizo hizo. Aliyekula ugali na chumvi ni mimi."

"Haya, Sultani. Anakutunza?"

"Chakula huchelewa," alisema Sultani, kwa sauti ya mzee aliyekatizwa usingizi. "Na akioga hulia. Hufungulia bomba kwa nguvu nisimsikie."

Mwanahawa akainamisha kichwa. Hilo hakuwahi kumwambia mtu, na hakuwa na pengine pa kuishi.

Sultani alilamba mguu, taratibu.

"Huyu akihama, mtaniletea mwingine?"

"Tutakuletea."

"Basi abaki. Mwingine nitaanza kumfundisha upya."

Bwana Singano alicheka, akagonga muhuri, akavua mkanda, akaenda zake.

Mwanahawa alitafuta pa kupumzisha miguu. Sultani alikuwa amejilaza kwenye kiti pekee cha chumba, akamfumbulia jicho moja.

Mwanahawa akabaki amesimama.