Hakuna Anayemjua Ernesti

Mlango wa nane ulifungwa kabla Beatrisi hajamaliza kupiga hodi.

Alibaki kibarazani na mtoto mgongoni. Ndani alisikia komeo likisukumwa, kisha sauti ya mwanamume: "Mwambieni sipo!"

Tangu saa sita mchana alikuwa akizunguka mtaa wa Mabawa kuomba damu. Ernesti, kijana aliyekuwa akifunzwa uashi na kampuni ya ujenzi walikofanya kazi wote wawili, alianguka kutoka jukwaani huko Pongwe, kwenye skuli ambayo kampuni inawajengea watu bure. Sasa alikuwa amelazwa hospitali ya mjini, hajitambui. Daktari alisema damu ipatikane kabla ya alasiri.

Bwana Noorali, mwenye kampuni, alikuwa wa kwanza kukunja mkono wa shati. Damu yake haikulingana na ya mgonjwa. Ya Idarusi, dereva, vivyo hivyo. Beatrisi alikataliwa kwa kuwa ananyonyesha. Wafanyakazi wengine waliposikia neno damu walitawanyika kwenye mashamba ya mkonge, na hakuna aliyerudi.

"Mumiani hao," walisema. "Wanakunyonya damu wakauze."

Watu wa Mabawa nao walisema hivyo hivyo.

Idarusi alimshusha hapo, akaendelea na lori hadi Muheza kuwatafuta ndugu wa mgonjwa, maana ndiko daftari la kampuni lilikosema ni kwao.

"Nikirudi nikukute na watu wawili tu, dada," alimwambia. "Wawili wanatosha."

Hakuwa na hata mmoja.

Mlango wa tisa ulikuwa wazi. Mama wa makamo alikuwa ukumbini juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nyuma yake vijana wawili wenye vifua vipana walikuwa wakinywa chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe msichana wa mumiani? Habari zako zimefika kabla yako. Mimi Saleha, na hawa wanangu. Watazame vizuri, maana hutoki nao."

Kijana mmoja alicheka, chai ikampalia.

"Mama, mimi nabeba kokoto tu. Kuna mwenzetu anakufa. Tumefundishwa darasani kwamba damu ikitolewa kidogo, mwili huirudisha wenyewe."

"Darasani! Mbeba kokoto ana darasa?"

"La jioni. Kampuni inatufundisha wote, hata wanawake."

Mkono wa Bi Saleha ukasimama juu ya nazi.

"Wote? Mwanangu Msafiri alikwenda kuomba kufunzwa ufundi. Wakamwambia alete cheti cha darasa la nne. Atakitoa wapi, na mimi nilimtoa skuli darasa la pili, baba yake alipofariki? Akaondoka kwa haya, eti anakwenda kukata mkonge. Mwezi wa saba huu simtii machoni. Walimkataa mwanangu, leo wanataka damu ya wanangu! Hebu niambie wewe uliyesoma, hiyo ni hesabu gani?"

Kanuni hiyo ilikuwapo kweli. Wanawake waliingia kujifunza kusoma bila karatasi yoyote, lakini anayetaka ufundi sharti awe na cheti.

"Huyo mgonjwa ni mtu wa wapi?" kijana mkubwa aliuliza.

"Muheza. Anaitwa Ernesti. Mpole, kaka yangu, hujapata kuona. Cheti anacho, lakini jioni hukaa benchi moja na sisi tunaoanza, akasoma herufi moja moja kwa kidole, ili tusione haya."

Kijana aliweka kikombe chini, akainuka. "Mama, ni chupa moja tu. Twende mara moja, turudi."

"Kaa!"

"Mama..."

"Nimesema kaa! Nimezaa watatu. Mmoja mkonge umeninyang'anya. Nyinyi wawili siwatoi kwa mtu nisiyemjua hata kwa sura. Nani hapa anamjua Ernesti? Eh? Nani?"

Kijana alikaa. Mdogo wake akainamisha kichwa.

Beatrisi alipiga magoti kwenye sakafu ya udongo, mtoto akaanza kulia mgongoni. Alilitaja jina la Mungu, akalitaja na la Bwana Noorali, na yote mawili hayakusaidia. Maneno aliyoyapata darasani yalikuwa mazuri, ameyaandika mwenyewe kwa mkono wake, lakini mbele ya mama huyu yalikuwa kama ya mtoto anayejifunza kusema. Akalia pamoja na mwanawe.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa, ikaisha.

Bi Saleha aliinuka polepole, akachota maji mtungini, akamletea.

"Kunywa, usije ukamkaushia mtoto maziwa." Sauti yake ilikuwa imelainika. Akamfungua mtoto yeye mwenyewe, akampakata, akampigapiga mgongoni hadi akanyamaza. "Sina roho mbaya, binti. Mama yake huyo kijana akija, mwambie hivyo. Mwambie nami ni mzazi, atanielewa."

Nje lori likasimama. Idarusi hakuzima injini, wala hakumtazama Beatrisi usoni. Kijana mrefu mwenye vumbi la barabara nywele nzima aliruka chini.

Beatrisi alimkimbilia. "Umefika, ndugu yangu! Wewe ni nani yake Ernesti?"

"Ernesti ni mimi," alijibu yule kijana. "Cheti changu nilimwazimisha rafiki yangu wa hapa Mabawa."

Kisha akamgeukia mama aliyesimama mlangoni na mtoto mikononi.

"Shikamoo, mama. Naulizia nyumba ya mama yake Msafiri."