Anayeitika Hodi

Zamani wanyama walipokuwa bado na adabu ya kupiga hodi, viboko wa mtoni waliunda kampuni, wakanunua mashimo yote ya kilimani. Nungunungu, mama asiyekubali kuonewa, akajikuta mpangaji katika shimo alilozaliwa, akitoa kapu la mihogo kila mwezi. Kodi ilipopanda, akagoma. Kiboko mkuu wa kampuni, mwenye sauti kubwa kuliko haya zake, akamshitaki kwa hakimu Kobe, ambaye maisha yake yote hajawahi kupanga nyumba.

"Kila shimo kilimani ni letu!" akanguruma Kiboko.

"Sibishi, mheshimiwa," akasema Nungunungu. "Twende tukapige hodi. Mwenye nyumba ataitika."

Wakapanda kilimani, wapangaji wengine wakiwafuata. Kobe akasimama mlangoni. "Hodi!"

"Karibu!" akaitika Kiboko, nyuma yake.

"Wewe nawe uko nje," akasema Kobe. "Utanikaribishaje? Ingia kwanza."

Kiboko akaingiza pua, akasukuma, akakwama. Wapangaji wakamvuta mkia huku wakicheka mpaka wakaishiwa nguvu.

Kiboko alipochomoka, Kobe akarudia. "Hodi!"

"Karibu, baba! Uji umeiva!" Alikuwa Nungunungu, aliyekwisha kupenya mlango wa nyuma.

Kobe akaamua papo hapo: asiyeweza kuitika hodi kutoka ndani ya shimo, haruhusiwi kulimiliki. Kisha akaingia kunywa uji.

Nje, Kiboko akasikia harufu, akameza mate. Yeye aliyezoea kudai kodi bila hata salamu, akainama mlangoni, akasema kwa sauti ndogo:

"Hodi, mama."